Kamusi ya Baba Ilivyonipeleka Kupalilia Usagara

Sisi tuliokulia Mwanza wakati wa foleni za sukari na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, hakuna wa kutufundisha subira. Tulipanga mawe mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri ili yatushikie nafasi, tukaenda shule, tukarudi na kuyakuta mawe yetu palepale, na sukari imekwisha. Hatukulalamika. Tulikunywa uji wa chumvi tukaimba nyimbo za kujenga taifa. Lakini nawaambia kweli, wenzangu, foleni zote hizo hazikunikera hata nusu ya jinsi ilivyonikera kamusi ya baba yangu.

Tulikaa Isamilo, upande wa chini, katika nyumba iliyobanwa kati ya majabali mawili. Mchana majabali yale yalishiba jua, na jioni tuliyapanda miguu mitupu tukalaza migongo juu yake, joto likapenya mpaka mifupani. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa Kirumba. Ukitulia, ilipanda harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka na karanga kwa majirani zetu Wasukuma, na mate yakatutoka. Meli ya Bukoba ikiingia, Bibi alitutumia mikungu ya ndizi na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, na siku hiyo mtaa mzima ulijua Wahaya wamepata mzigo. Jioni ndipo kombolela ilipokolea. Watoto wa mtaa mzima wamejificha nyuma ya mawe, anayetafuta amemaliza kuhesabu, kopo linasubiri teke, na hapo hapo unasikia kengele ya baiskeli. Baba huyo. Mimi na mdogo wangu Deo tulitoka mafichoni tumenuna, tukaingia ndani kutafuta neno.

Ngoja niwaeleze. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama. Wakili akisema Kiingereza na hakimu akijibu Kiingereza, Baba ndiye aliyemgeuzia mshitakiwa maneno kwa Kiswahili au Kisukuma, apate kujua anasemwa nini. Alitoka Bukoba akiwa kijana, Kisukuma akakijua mpaka methali zake. Hakimu mmoja Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, aliwaambia wafanyakazi wachague kitu katika nyumba. Mama alikesha akiota masufuria na seti ya vikombe. Baba alirudi na mkokoteni umejaa majuzuu meusi, makubwa, yenye harufu ya panya na kabati la zamani.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Waitu! Umeacha vyombo, umetuletea matofali?"

"Si matofali, Mama Koku. Hii ni kamusi. Si zile za mfukoni. Hii inaeleza kila neno la Kiingereza limezaliwa lini, limezaliwa na nani, na limepita wapi mpaka kufika leo."

"Mimi nilitaka sufuria," Mama akasema. "Neno haliliwi."

Nilikuja kumwelewa Mama mapema kuliko nilivyomwelewa Baba. Majuzuu yale yalikula ukuta mzima wa sebule. Maandishi yake yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, huyaoni bila kioo cha kukuzia. Kurasa zilinata kwa unyevu. Juzuu moja lilipotea kwenye mkokoteni njiani, kwa hiyo kuna herufi ambazo maneno yake hayakuwa na asili nyumbani kwetu, yalikuwa mayatima. Na sheria ya Baba ilikuwa hivi: kabla ya chakula cha jioni, kila mtoto atafute neno moja la Kiingereza, alisome, aeleze maana yake ya kwanza kabisa. Maana ya kwanza ndiyo mzazi, Baba alisema. Hizo nyingine ni watoto wa nje.

Mnaweza kufikiri jambo hilo lilikuwa la kupendeza. Njaa inauma, ndizi zinanukia, wenzako wanapiga kelele nje, na wewe unasoma jinsi neno lilivyoandikwa na watu waliokufa zamani wasiojua hata kuendeleza maneno. Jioni moja Baba aligundua kwamba zamani sana Waingereza walimwita mtoto yeyote "girl", awe wa kiume au wa kike. Alifurahi kama mtu aliyeokota almasi ya Mwadui. Akamgeukia Deo na kumwambia, "Unaona? Wewe nawe ungeitwa hivyo." Deo alisusa chakula. Mama alimbembeleza, akashindwa, ndipo akamgeukia Baba na kumwambia kwamba mtu mzima anayemliza mtoto kwa maneno ya marehemu anahitaji maombi.

Siku nyingine, tukiosha mchele pamoja, nilimuuliza Mama kwa nini Baba ana ugonjwa huu. Akaniambia. Baba alipokuwa mgeni kazini, wakili alitamka neno ambalo hakulijua. Aliona haya kuuliza mbele ya watu, akakisia. Mshitakiwa, mzee mmoja wa Misungwi, akajibu swali ambalo hakuulizwa, na jibu hilo likampeleka gerezani. "Tangu hapo," Mama alisema, "baba yako hajakisia tena. Muache na matofali yake." Basi nikajua sababu. Lakini kujua sababu ya mbu hakukuzuii kuwashwa.

Nilipofika kidato cha pili, shule yetu ilitupakia kwenye lori mpaka Usagara, kijiji cha ujamaa, kuwasaidia wanakijiji kupalilia pamba. Tulilima, tukala ugali na mlenda, tukarudi tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kesho yake mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mpole aliyetoka chuo juzi, akatutaka tuandike insha kwa Kiingereza kuhusu maisha ya kijiji cha ujamaa. Insha nzuri ingesomwa mbele ya wageni wa Chama watakaokuja kukagua shamba la shule.

Niliandika insha yangu mezani nyumbani. Baba akaipitia, kalamu sikioni.

"Umerudia neno moja kama kasuku," akasema. "Villagers, villagers, villagers. Lugha ina utajiri wewe unakula neno moja? Nenda juzuu la V."

Nikaenda. Nikavuta kidole chini ya neno "village", nikashuka kidogo tu, na jirani yake wa chini alikuwa "villain". Nikasoma maana ya kwanza: mtu wa shambani, mtu wa kijijini. Chini yake kulikuwa na msitu wa maana nyingine, lakini hao si walikuwa watoto wa nje? Nikamsomea Baba. Akatikisa kichwa kwa raha.

"Hilo ndilo. Neno la kale, lenye mizizi katika ardhi. Weka."

Nikaweka. Sikuweka mara moja. Niliweka kila mahali.

Ninyi mnaojua Kiingereza mmeshashika vichwa. Mimi sikujua kwamba siku hizi neno hilo maana yake ni mhalifu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani na cha marehemu wa kwenye kamusi, hiki cha katikati cha watu wanaoishi sikukipata popote. Mwalimu wetu alikuwa na homa wiki ile. Aliangalia mwandiko wangu, ambao ulikuwa mzuri, akapitisha macho tu juu ya ukurasa wa kwanza, akasema mimi ndiye nitakayesoma.

Wageni walikaa mstari wa mbele kwenye viti vya ofisini. Alikuwepo Katibu wa Chama katika suti yake ya mikono mifupi, na pembeni yake Mama Minza, mwenyekiti wa akina mama wa Usagara, mwanamke mwembamba mwenye sauti kama ya tarumbeta, aliyekuwa ametusimamia siku ile ya palizi. Nilisoma kwa sauti ya kujiamini. Nilisema wahalifu wa Usagara huamka mapema. Nilisema wahalifu wa Usagara wanashirikiana kwa upendo. Nilisema taifa letu litajengwa na wahalifu. Niliona mwalimu anafunika uso. Niliona Mkuu wa shule anasimama, anakaa, anasimama tena. Katibu alikuwa amesoma, Kiingereza alikijua vizuri, na shingo yake ilizidi kuvimba kila nilipofungua ukurasa. Mama Minza, ambaye Kiingereza hakukijua, alipiga makofi peke yake.

Nilirudishwa nyumbani siku ileile. Nisirudi shule mpaka mzazi aje mbele ya kamati. Mkuu wa shule aliniambia kwa sauti ya chini, na nadhani kwa huruma, kwamba Katibu anataka nifukuzwe kabisa, maana nimebeza siasa ya nchi hadharani. Wenzangu mnaijua miaka ile. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na msichana aliyefukuzwa kwa jambo la siasa asingepokelewa popote. Niliteremka Isamilo nikilia, na kilichoniliza zaidi ni hasira. Nilifika nikasimama mbele ya ule ukuta wa majuzuu, nikalipiga teke juzuu la V. Liliniumiza kidole. Hata halikusogea.

Mama alipoelewa, hakusema neno mpaka Baba alipoegesha baiskeli.

"Matofali yako yamemwangukia mtoto," akamwambia.

Siku ya kamati Baba alivaa tai yake ya mahakamani, akalifunga juzuu la V kwenye karia ya baiskeli kwa mpira, nami nikatembea nyuma. Ofisini walikuwepo Mkuu wa shule, mwalimu wangu aliyekonda kwa homa na kwa woga, Katibu, na Mama Minza, aliyeitwa kwa kuwa kijiji chake ndicho kilichotukanwa. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Katibu hakuitikia.

Baba akafungua juzuu mezani, akaeleza. Alieleza vizuri, Mungu ananiona. Alieleza shamba la bwana mkubwa huko Ulaya zamani, watu waliolilima, jina walilopewa, jinsi lilivyoandikwa. Alieleza kama yuko shuleni, huku akigeuza kioo cha kukuzia. Katibu alimwacha amalize.

"Mzee," akasema, "wewe ni mkalimani. Umekula kiapo."

"Ndiyo."

"Kesho mahakamani wakili akisema kwa Kiingereza kwamba mshitakiwa ni huyo villain, utamwambia mshitakiwa ameitwa nani?"

Baba aliinamia juzuu. Nilimtazama. Nilimwomba kwa macho aseme lolote, adanganye kidogo tu, mara moja katika maisha yake, kwa ajili yangu. Kidole chake kilikuwa bado juu ya maana ya kwanza.

"Nitamwambia ameitwa mhalifu," akasema. "Mtu mwovu."

"Basi. Kasumba ya kikoloni hiyo," Katibu akasema, akafunga faili lake. "Tumemaliza."

"Hatujamaliza," Mama Minza akasema. "Nimeacha pamba yangu inaliwa na magugu, nimedandia lori mpaka hapa, na mpaka sasa sijaelewa. Mkalimani, si umesema hilo neno zamani lilikuwa mkulima tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Lilikuwaje likawa mwizi? Mkulima aliiba nini?"

Baba alipangusa kioo kwa tai. "Hakuiba kitu. Wenye mashamba na watu wa mjini walimdharau mkulima, wakamdharau, mpaka jina lake likawa tusi."

Mama Minza alimgeukia Katibu. "Umesikia? Waliotutukana ni hao wenye kitabu. Huyu mtoto alikuwa anatusifu, mimi nilimwona, alikuwa anatoka jasho. Sasa ukimfukuza, mimi nitapata nini? Magugu yataondoka?"

Katibu alisema jambo hilo ni la siasa, si la magugu.

"Siasa yenyewe si ni ya kilimo? Nipe mimi huyu. Likizo hii aje apalilie, awajue vizuri hao wahalifu wake, kisha arudi shule. Na akizembea nitakwambia, umfukuze."

Mkuu wa shule aliwahi kusema ndiyo kabla Katibu hajafikiri. Mwalimu wangu naye akasema ndiyo. Katibu aligongagonga kalamu mezani. Mwishowe akasema adhabu hiyo inakubalika, lakini na mzazi naye aende, maana kosa lilianzia nyumbani. Nadhani alisema hivyo kumkomoa. Baba akainama na kusema ni haki.

Basi likizo ile, wenzangu walipokuwa wanaogelea, wengine wamevuka kwa kivuko mpaka Kamanga na Sengerema kuwatembelea shangazi zao, mimi na baba yangu tulikuwa Usagara tumeinama. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuja na kaptula ya kaki na soksi ndefu, akawasalimia watu, "Mwangaluka," wakafurahi, kisha wakamtazama anavyoshika jembe, wakaacha kufurahi. Mama Minza alipita nyuma yetu kila baada ya muda.

"Mkalimani," alisema, "hiyo uliyong'oa ni pamba."

"Samahani, Mama."

"Na hiyo uliyoiacha ndiyo gugu. Wewe uliyasoma wapi haya?"

Viganja vya Baba vilitoka malengelenge, yakapasuka, akafunga leso. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka nikawa namwita "wewe mzee" moyoni. Nilimkasirikia kwa kamusi, kwa kiapo chake, kwa ule ukweli alioutoa mbele ya Katibu kana kwamba mimi si mtoto wake. Siku ya tatu au ya nne nikamwambia. Nilisimama katikati ya mstari nikamuuliza kwa nini hakusema uongo.

Hakunikemea. Aliegemea jembe, akatazama mbali huko kwenye majabali.

"Nilitamani," akasema. "Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Koku, nikidanganya pale kwa ajili yako, kesho mahakamani nitadanganya kwa ajili ya nani?" Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu asiye na uhakika, "Kosa ni langu mimi. Nilikufundisha neno linakotoka. Sikukufundisha lilikofika."

Hatukusema tena. Tulipalilia mpaka mwisho wa mstari, na jioni Mama Minza alitupa michembe na maziwa ya mgando, akamwambia Baba kwamba kwa kulima hafai, lakini kwa kukaa kimya amejitahidi.

Nilirudi shule. Niliandika insha upya, nikarudia lile neno la kawaida kama kasuku kuanzia juu mpaka chini, na mwalimu akanipa alama bila kuinua macho. Nikadhani sasa kamusi imestaafu. Thubutu! Jioni ya Jumatatu, kopo la kombolela liko katikati ya uwanja, kengele ya baiskeli hiyo. Baba alikuwa amefikiri njia nzima kutoka Usagara, na alikuwa amerekebisha sheria. Tangu hapo hatukusoma maana ya kwanza peke yake. Tulisoma zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, ndipo tule. Deo alilia kabla ya kufungua ukurasa. Mama alifunika chungu cha ndizi, akavuta kigoda, akakaa kutusikiliza, maana alisema kama ni kupoa kwa chakula basi tupoe wote.

Ninyi vijana wa leo mtasema tuliteswa. Kweli, tuliteswa. Baba na Mama wote wametangulia, Deo yuko Bukoba na wajukuu wake, na mimi nimestaafu ualimu, ninaishi Nyegezi na wajukuu zangu na yale majuzuu, maana hakuna ndugu aliyekubali kuyabeba. Ndiyo, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Msinicheke.

Juzi mjukuu wangu mmoja, yuko kidato cha pili, alitoa kichwa chumbani akaniuliza maana ya neno alilopewa shuleni. Nilifurahi, siwezi kuwaficha. Nilimwambia ngoja mwanangu, njoo tulitafute. Nikainuka na magoti yangu haya, nikasaka miwani, nikavuta juzuu, nikalifikisha mezani nahema, nikaanza kufunua.

"Bibi, nimeshapata," akasema, kidole kwenye simu.

"Linatoka wapi?"

"Nini?"

"Hilo neno. Linatoka wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Bibi, si linatoka kwenye simu." Akarudi chumbani.

Nilikasirika mpaka nikasahau ni neno gani. Nilitaka kumwita arudi, akae hapa, anune, asome, na chakula kipoe. Sikumwita. Katika nyumba ile ya Isamilo tulikuwa na taa moja ya chemli, na kwa kuwa ilikuwa moja, mtu akikasirika alikasirika papo hapo, begani kwa mwenzake, akinusa ndizi zinapoa, akimsikia baba yake akisoma kwa sauti mambo asiyoyataka. Siku hizi kila mtoto ana mwanga wake mkononi. Nikipita ukumbini jioni naona mistari ya mwanga chini ya milango, mlango huu, na ule, na ule, na ndani kimya. Hakuna hata mmoja anayenung'unika.